Saa nyeusi na mkono wa kushoto

Kabla sijashika futi, mteja huwa namuuliza: "Saa unavaa mkono gani?" Wengine hucheka, wengine hutazama simu wakidhani nimewauliza saa ngapi. Swali hilo nimelirithi kwa mzee aliyenifundisha kazi pale Majengo, fundi wa kaunda suti ambaye sikuwahi kumwona akikata kafu mbili za shati zikalingana. Ya upande wa saa aliiongeza sentimita 1, mara nyingine 1 na nusu kama mteja ni mtu wa saa kubwa. Mwenye shati hajui kwamba kafu zimepishana. Anachojua ni kwamba shati hili halimkabi.

Agosti mwaka jana akaingia kijana mmoja, mhandisi kwenye kazi za reli, anataka suti ya harusi yake. Akaniamkia, nikaitikia, tukaongea rangi (nyeusi, hakuwa na mjadala), tukaongea kitambaa, kisha nikauliza swali langu. Akakunja mkono wa kushoto wa shati, nami kwa sekunde mbili tatu nikawa natafuta hiyo saa iko wapi.

Ilikuwa nyeusi tupu. Bodi nyeusi, uso mweusi, mkanda wa ngozi nyeusi, hata kile kitufe cha kutia ufunguo, cheusi. Sasa hapa Dodoma saa nyeusi tunazijua. Ni Casio ya plastiki ya mlinzi getini, au yale madude ya vijana wa boda boda yenye visaa vinne ndani ya saa moja na hakuna hata kimoja kinachozunguka. Saa nyeusi kwetu ni saa ya kazi, ya kubamiza ukutani na kuendelea na safari. Hii ilikuwa nyembamba. Niliiwekea rula ubavuni nikapata milimita 10 hivi. Ilikaa mkononi kwa adabu, kama kiatu cha bwana harusi ambacho bado hakijatoka nje ya sanduku. Na usoni haikuwa na namba hata moja.

"Ni Ming hii, fundi," akasema. "Ya Malaysia. Nilisoma kule."

Nikamwambia Ming ninayoijua mimi ni ile ya vyungu vya Kichina. Akacheka, akaivua, akanipa niishike.

Kilichonishika mimi zaidi ni masikio, yaani zile ncha nne zinazoshika mkanda. Kwenye saa nyingi masikio ni vipande vinne vilivyonyooka, vimekaa kama miguu ya stuli. Haya yalitoka ubavuni mwa bodi yakapinda kwenda nje, yakipanuka kadiri yanavyoshuka, kama mfinyanzi ameshika ukingo wa chungu kibichi akauvuta kwa vidole viwili. Usiku nikafungua simu nikatafuta picha za saa nyingine za hawa jamaa. Za bluu, za rangi ya shaba, za titani isiyopakwa kitu. Masikio yale yale. Ungeziba uso wote wa saa kwa kidole gumba ningekwambia hii ni yao.

Sisi mafundi tunaita hiyo mkono. Unaona koti limepita barabarani, mgongoni mwa mtu usiyemjua, unasema: "Huu mkono wa fulani." Yule mzee wa Majengo alikuwa na mfuniko wa mfuko ulioinama kidogo upande wa nyuma, kidogo tu, na mshono wa juu wake haukuwa karibu na ukingo kama wetu bali uliingia ndani nusu sentimita. Amefariki miaka sita sasa. Juzi juzi nimeuona mfuniko ule pale Nyerere Square, mwilini mwa babu mmoja anakula karanga, nikasimama kama nimemwona marehemu mwenyewe.

Basi nikaanza kusoma habari za Ming, na kusoma kukanipeleka mbali kuliko nilivyokusudia. Si kampuni ya zamani. Ilitoa saa yake ya kwanza 2017, na mwanzilishi wake ni Ming Thein, mpiga picha wa Malaysia, akiwa na kikundi cha wenzake wapenda saa. Saa zenyewe hutengenezwa Uswisi. Ile ya kwanza, waliyoiita 17.01, ilikuwa ya titani, upana milimita 38, bei faranga 900 za Uswisi, na ndani mlikuwa na mashine ya kutia ufunguo kutoka Sellita, kiwanda kinachouzia mashine chapa nyingi kweli kweli. Mwaka 2019 modeli yao 17.06, yenye uso wa rangi ya shaba, ilipata tuzo ya chipukizi katika yale mashindano makubwa ya saa ya Geneva.

Nilipofika hapo kwenye mashine ya Sellita nikaweka simu chini. Kumbe! Mwenye karakana ndogo hana uwezo wa kuchonga kila gurudumu na kila springi mwenyewe, angalau mwanzoni. Ananunua mashine ile ile anayonunua jirani yake. Sasa sisi hapa tofauti yetu na yeye iko wapi? Kitambaa cha suti natoa Kariakoo, maduka yale yale wanakotoa wenzangu wote wa Makole na Chang'ombe. Bitana ile ile. Vifungo vile vile, vya pakiti. Cherehani yangu Butterfly, ya jirani Butterfly. Ukiondoa hayo yote kwenye suti yangu kinachobaki ni jinsi ninavyokata bega, na hapo ndipo mteja ananilipa mimi asimlipe jirani. Ming wamebaki na masikio yao na ile duara wanayoirudia usoni. Saa haina tangazo barabarani, haina mcheza mpira wa kuivaa kwenye televisheni. Umbo lenyewe ndilo linalozunguka mjini likijitangaza.

Wapo pia wanaojitengenezea mashine wenyewe, na hao ndio wenye majina ya kuogopwa. François-Paul Journe, Mfaransa wa Marseille, alianzisha chapa yake Geneva mwaka 1999, na kwenye uso wa saa zake huandika kwa Kilatini *Invenit et Fecit*, yaani alibuni na akatengeneza. Huyo angeweza kukwambia tazama mashine yangu, maana siku hizi mashine zake nyingi ni za dhahabu. Lakini bado ukiiona saa yake kwa mbali unaijua kwa mishale, ile inayovimba kama tone la maji linalokaribia kudondoka. Urwerk, walioanza 1997, saa zao nyingi hazina mishale ya kawaida. Namba ya saa inasafiri yenyewe, inapita mbele ya mstari wa dakika kama basi linavyopita mbele ya vibao vya kilomita. Wazo lenyewe si lao. Karne ya 17 ndugu wa Campani kule Italia walimtengenezea Papa Alexander VII saa ya usiku kwa mtindo huo, ili aione saa gizani bila kusumbuliwa na kelele za mashine. Ila Urwerk wamelishika wazo hilo hawaliachii, hadi leo ukiliona popote unawataja wao kwanza. Na kuna H. Moser, Waswisi, ambao baadhi ya saa zao hazina jina usoni, hazina alama ya saa wala dakika, rangi tu inayofifia kuelekea ukingoni. Kufuta jina lako mwenyewe kwenye kazi yako! Mimi lebo yangu naishona ndani ya koti kwa nyuzi mbili kuhakikisha haibanduki.

Hapa lazima nisimame kwenye jambo la namba, maana nadhani watu wa Geneva hawawezi kuliona kama tunavyoliona sisi.

Bibi yangu wa Mvumi alikuwa na saa ya mezani ya kengele, ya kutia ufunguo kila usiku, na ndiyo iliyonifundisha kusoma saa. Somo lake lilikuwa fupi: "Namba usiisome, mjukuu wangu. Angalia ule mkono mfupi umeelekea wapi, halafu taja namba ya ng'ambo yake." Umeelekea 7, ng'ambo yake ni 1, basi ni saa moja. Umeelekea 10, ng'ambo yake 4, ni saa nne. Sisi tunahesabu tangu jua lichomoze, na huku kwetu jua halibadiliki sana, mwaka mzima linachezacheza pale pale. Kwa hiyo saa yenye namba, kwa Mswahili, imeandikwa uongo 12 kuizunguka, na tunauzoea uongo huo tangu utotoni hadi hatuuoni. Mwanangu wa darasa la pili bado anauona. Ananiuliza kwa nini imeandikwa 8 halafu mimi nasema saa mbili, namjibu kama bibi, anabaki ananitazama tu.

Ile nyeusi ya kijana haikuwa na cha kutafsiri. Mshale mfupi uko kule, basi ni saa tisa, hakuna aliyenipinga. Nimewahi kuona saa nyingi zisizo na namba, lakini nadhani nilikuwa sijawahi kuishika moja nikiwa sina haraka.

Turudi kwenye weusi. Mimi mwenyewe nilinunua saa nyeusi Sabasaba miaka miwili iliyopita, shilingi 30,000, ya betri, nikaipenda sana. Mwezi wa nane ikaanza kutoka ngozi. Kwanza pembeni ya kitufe, kisha kwenye masikio, chini kukatokea manjano ya shaba. Nikaipeleka kwa fundi saa mmoja anayekaa na kisanduku chake cha kioo karibu na Jamatini, akaiweka kwenye lenzi ya jichoni hata sekunde tano hazikuisha.

"Kaka, hii wameipaka rangi. Kama geti."

Akanieleza kwamba weusi una madaraja. Kuna wa kupaka, huo wangu. Kuna wa kuingizwa kwenye chemba isiyo na hewa, madini yanageuzwa mvuke na mvuke ule unakwenda kujishikiza kwenye chuma chembe kwa chembe. Na kuna wa kaboni, wanaouita DLC, ambao kwa tabia unakaribia almasi. Huo ni mwembamba ajabu, elfu chache tu za milimita, ukichukua unywele wa kichwa ukaugawa mara 20 au 30 ndio unafika hapo. Kwa ugumu, chuma cha kawaida cha saa kinapimwa kama 200 kwenye kipimo cha Vickers, na DLC inakwenda zaidi ya 1,000, mara nyingi 2,000 na kupita. Funguo mfukoni hazikwaruzi. Lakini, akasema fundi, usije ukaigonga kwenye ngazi za zege. Utando ni mgumu, chuma cha chini ni laini, kikibonyea utando unapasuka. Nikamwambia ni sawa na ganda la yai juu ya ugali. Akasema hilo ataliiba.

Jambo alilosema mwishoni ndilo lililonifanya nichelewe kurudi dukani. Kwa sababu utando ni mwembamba hivyo, hauzibi kitu. Chuma kikiwa kimepigwa msasa kwa mistari, weusi utaonyesha mistari ile ile. Kikiwa kimeng'arishwa kama kioo, weusi utang'aa kama kioo. Kona ikiwa imechongwa vibaya, itaonekana imechongwa vibaya, tena vibaya zaidi, maana hakuna mng'ao wa chuma wa kulidanganya jicho.

Mimi hilo nalijua kwa kitambaa. Watu hudhani nyeusi ni rahisi kushona kwa sababu inaficha. Inaficha uzi, ni kweli, nyuzi zangu mbaya zimezikwa kwenye makoti meusi mengi. Lakini pasi haifichi. Pasi ikigusa sufu nyeusi bila kitambaa cha maji katikati, inaacha mng'ao ambao hautoki, mteja atautembeza ukumbini chini ya taa za video. Na bega likiwa na kasoro, kwenye kijivu au kwenye mistari macho yanapata pa kukimbilia. Kwenye nyeusi hayana. Yanabaki na mstari wa nje tu: bega, kiuno, pindo.

Ndiyo maana naona saa nyeusi ya heshima ni mtihani mkubwa kwa fundi mdogo kuliko saa ya dhahabu. Dhahabu inabeba mwenye nayo hata kama fundi alilala. Ukishaondoa rangi, ukaondoa namba, ukaondoa mng'ao, kama hukuwa na umbo lako unabaki na kijiwe cheusi chenye mkanda. Wale Ming walipozima taa zote, masikio yamebaki. Tena nilikuja kugundua kwamba weusi wenyewe ulizaliwa kwa sababu nyingine kabisa. Saa iliyoufanya ujulikane duniani ni ya Porsche Design, 1972, kazi ya Ferdinand Alexander Porsche, yule yule aliyechora gari la 911. Aliifanya nyeusi kama vipimo vya kwenye dashibodi, ili jua lisirudishe mwanga machoni. Ilikuwa saa ya kusoma haraka ukiwa kwenye mwendo, sasa imefika kwenye kafu ya bwana harusi. Journe, kwa mfano, alipotaka giza alikwenda njia nyingine: Chronomètre Bleu yake ya 2009 ina bodi ya tantalumu, madini ambayo yenyewe kwa asili ni ya kijivu cha kuelekea bluu. Hapo hakuna cha kubanduka. Fundi saa wangu alipenda hiyo zaidi, mimi bado nimegawanyika.

Nisiisifie sana hiyo nyeusi, nayo ina kero zake. Kwanza vumbi. Dodoma Agosti ni upepo, na vumbi letu halibishi hodi. Kitu cheusi hapa kinakuwa cha kijivu kabla ya saa nne asubuhi, uliza mwenye gari jeusi. Kijana aliifuta saa ile kwa ncha ya shati mara tatu ndani ya muda tulioongea, na vumbi lilikwenda kujificha pale pale masikio yanapopindia, mahali kidole hakifiki. Pili, kuisoma. Mweusi juu ya mweusi, ndani ya duka langu lenye taa moja, ilibidi niigeuzegeuze hadi mishale ishike mwanga. Mzee wa miaka 70 utampa saa hiyo kwa nia mbaya.

Na kuna swali ambalo mke wangu aliniuliza nikiwa namwonyesha picha: kama kila mwaka wanatoa masikio yale yale, si uvivu huo? Sikumjibu vizuri siku ile. Nilikuwa nawaza suti moja niliyoshona mwaka juzi. Mteja alikuja na picha kwenye simu, mwigizaji fulani wa nje, akataka ile ile: bega jembamba, kola pana, koti fupi. Nikashona ile ile. Ilitoka sawasawa na picha, mteja akafurahi, akalipa yote bila kukumbushwa. Kwenye sherehe watu zaidi ya mia waliiona na hakuna hata mmoja aliyekuja dukani kwangu. Waliona picha. Kwa miaka kama minne hivi nilishona hivyo, kila mtu na picha yake, na nikiyapanga makoti ya miaka hiyo ukutani huwezi kusema yamekatwa na mtu mmoja. Bega langu nililiokota tena baadaye, polepole, na ninawapoteza wateja wa picha kwa sababu yake. Wanakwenda kwa jirani, na jirani ana nyumba ya kupangisha Nkuhungu, mimi bado sina. Basi niseme tu kwamba Ming na Urwerk wana ujasiri ambao mimi naufanyia hesabu kila mwisho wa mwezi.

Hata huku kwetu si jambo geni. Hukwe Zawose, yule mwimbaji wetu wa Kigogo, akiwa redioni, redio yenyewe iko chumba cha tatu, hukuhitaji mtangazaji akwambie ni nani. Ilimba, kile chombo cha kupigwa kwa vidole gumba, ikilia sauti mbili na ile sauti yake ya juu ikiingia, umeshajua. Hakuna aliyemwambia abadilishe.

Kijana alirudi kufiti Jumamosi ya wiki ya pili, mchana wa saa kumi hivi, mbingu imeziba kwa vumbi. Akavaa shati kwanza. Kafu ya kushoto nilikuwa nimeiongeza sentimita 1 tu, maana saa ni nyembamba, na mkono wa koti nikauacha uonyeshe kafu kwa sentimita 1 na robo. Nikamwambia avae saa, ainue mkono kama anayesalimia, aushushe. Ikatoka, ikarudi. Ainue tena. Ikatoka, ikarudi. Kulia nikaona bega limevuta kidogo, nikamwomba avue koti na saa ili nifumue pale.

Umeme ukakatika. Duka langu halina dirisha la upande wa nyuma, kwa hiyo giza la pale kwenye meza ya kukatia ni giza kweli. Nikawa napapasa kutafuta simu niwashe tochi, mkono wangu ukapita juu ya chaki, juu ya mkasi, na pale katikati ya kitambaa cheusi ikawaka duara nyembamba ya kijani, peke yake, na mishale miwili ndani yake.

"Saa kumi na robo," nikasema.

"Na dakika mbili," akajibu kutoka gizani. "Fundi, ngoja umeme urudi, usinifumue bega usiku."

Nikamwambia akae kwenye stuli, sindano ninayo mdomoni.